Kola ya Vidole Vitatu

Fundi alikuwa na uwezo wa kuzungumza huku midomo imebana pini, na hajawahi kumeza hata moja. Alizungumza na wateja, alizungumza na wapita njia, na wote wakikosekana alizungumza na cherehani. Ukimpelekea suruali aipunguze urefu, ulitoka pale unajua habari za mtaa mzima, na suruali yenyewe ukaambiwa uifuate kesho. Watu walilalamika, tena kwa sauti, lakini kesho yake walirudi mapema. Kibao cha duka kilishafutika zamani na hakuna aliyekikumbuka. Ulifuata sauti tu mpaka ukafika.

Na alikuwa na dini yake moja ndogo, kifungo cha juu. Shati lake lilifungwa mpaka kooni, iwe jua, iwe mvua. Wateja waliokuja vifua wazi aliwaambia, "Shati lisilofungwa juu ni nyumba isiyo na mlango, kila mbu atakaribia." Basi asubuhi moja, anajiandaa kwenda kazini, kifungo kikakataa kufika kwenye tundu lake. Alivuta, akashusha pumzi, akavuta tena. Wapi!

Mtu mwingine hapo angejishika shingo. Fundi alilishika shati.

"Umelifua kwa maji ya moto," akamwambia mkewe.

"Nimelifua kwa maji yale yale ya miaka yote."

"Basi kitambaa ni feki. Siku hizi viwanda vimeoza."

Akakaa kitandani, akakata uzi, akakisogeza kifungo kidogo pembeni, akafunga, akaenda zake kazini akipiga mluzi. Kazi ya dakika chache kwa mtu wa ufundi wake. Baada ya muda kifungo kikagoma tena, akakisogeza tena. Safari ile hakuwalaumu watu wa viwanda. Alisimama mbele ya kioo cha dukani, kile cha wateja, akainua kidevu, akameza mate. Kando ya kikoromeo palikuwa na kinundu cha ukubwa wa kifungo cha koti. Alipomeza, kilipanda. Alipomaliza kumeza, kikashuka. Akameza mara nyingine ili ahakikishe, nacho kikapanda na kushuka vile vile bila haya.

Aliogopa. Simsingizii, aliogopa mpaka akakalia rundo la suruali za watu. Hakuwa mwoga wa kufa tu, ingawa hilo nalo lilikuwamo. Shingoni ndimo ilimokaa sauti, na yeye bila sauti ni nani? Mtu na mkasi. Alijiona kwenye kitanda cha hospitali, koo limepasuliwa, watu wamemzunguka wanazungumza na yeye hana la kuwajibu. Akaapa palepale hakuna atakayejua.

Sasa sikilizeni kichekesho cha jambo hili. Katika ukoo ule hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kuficha uvimbe wa shingo, maana daktari wa maradhi hayo hayo alikuwa mpwa wake mwenyewe, binti wa dada yake, aliyelelewa mle mle dukani akifanya mazoezi ya shule chini ya meza ya kukatia. Masikio, pua, koo na kila kinachoota kuanzia utosini mpaka begani, ndiyo kazi yake. Nyumbani walimwita Daktari Shingo, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi tu.

Binti yule alikuwa na mikono isiyojua likizo. Ukimkumbatia, vidole vyake vimeshafika chini ya taya vinatafuta tezi. Siku moja kwenye mkusanyiko wa familia alimkumbatia shangazi mmoja mwenye kisukari, akasita, akasema, "Shangazi, hapa kwenye shavu pana kitu kigumu, mviringo, na kinasogea." Watu wameshika vifua. Shangazi akazungusha macho huku na huku, kisha akatema pipi kubwa aliyokuwa ameificha shavuni kwa sababu alikatazwa sukari. Ugomvi uliotoka hapo ulikula wiki nzima. Kabla hawajapoa, mchumba wa binti wa Fundi akaja kutambulishwa, akasalimiwa shingo, naye akadhani anakabwa na wakwe. Hakurudi kwa muda mrefu.

Ndipo Fundi, kwa kuwa yeye ndiye mjomba na mjomba neno lake halirudi, akasimama akatoa amri. "Mpwa wangu, mikono yako ibaki hospitali. Nyumbani kwangu shingo ni mali ya mwenyewe." Binti akaweka mikono nyuma, akasema, "Nimesikia, Mjomba." Na tangu siku ile akiingia nyumba ile alitembea mikono nyuma kama mkaguzi wa mitihani.

Amri hiyo sasa ikamfaa Fundi kuliko alivyotarajia. Akarudi kwenye meza yake, akakata kola mpya. Aliinua urefu wake ukafika vidole vitatu, akaitia kitambaa kigumu ndani isimame yenyewe, na mbele akaiachia nafasi ikunjuke kidogo. Ilikuwa kola nzuri, haki ya mtu apewe. Ilificha kikoromeo, kinundu na wasiwasi wote kwa pamoja. Akaivaa akatoka nayo barabarani, roho mkononi, akingoja mtu aulize.

Mtu akauliza kweli. "Fundi, mtindo gani huo? Nishonee na mimi."

Jamani! Haukupita muda, karani wa posta anayo, mwalimu wa hesabu anayo, madereva wanayo. Vijana wakaivaa kwenda kuposa. Mtaa mzima ulitembea videvu juu, na asiyejua angedhani watu wale wote wametukanwa. Fundi alishona mpaka usiku, akicheka na kila mteja, na ndani yake jambo lile lilimtafuna. Kila kola aliyoikata ilimkumbusha ya kwake.

Muuza magodoro wa ng'ambo ya barabara naye akaja. Lilikuwa pande la mtu, Bwana Magodoro tulimwita, mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, ingawa siku ile hakukileta. Alikataa kupimwa. Alitoa shati kuukuu kwenye mfuko akasema, "Pima kwa hili. Ila kola nataka vidole vinne."

"Vinne? Utaonaje miguu yako?"

"Wewe shona."

Fundi akashona, akafurahi kwamba biashara inapanda hata kwa vidole.

Aliyekuwa hafurahi ni kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Miaka yote alikuwa akimnyoa Fundi ndevu na shingo kila mwisho wa wiki, na sasa Fundi hakanyagi. Kinyozi alivumilia, akavumilia, mwishowe akaja akasimama mlangoni na taulo begani.

"Niambie ukweli. Umehamia kwa nani?"

"Sijahamia kwa mtu. Najinyoa mwenyewe."

"Naona. Ndevu hizo zimenyolewa na mtu mwenye kinyongo." Akamwangalia vizuri. "Kinyozi hajinyoi, wewe fundi wa nguo unajinyoa kwa leseni gani? Au kuna kitu unanificha?"

"Kitu gani? Nenda kwa wateja wako."

Kinyozi akaondoka amenuna. Fundi akabaki na mkasi mkononi, na kwa mara ya kwanza duka lilikaa kimya muda mrefu mpaka mpita njia mmoja akachungulia kuona kama kuna msiba.

Mpwa akaja siku ya mapumziko, mchana. Mikono nyuma.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Fundi hakuinuka kumkumbatia. Alimnyooshea mkono juu ya cherehani, kwa mbali, kama anayempokea mtu wa kodi. "Leo umetukumbuka?"

"Nimekuja kama mteja. Nataka koti jeupe la kazini, lenye kola kama hiyo yako. Hospitali nzima inaniuliza habari zake."

Fundi akacheka, akafurahi, akajisahau. Akachukua futi yake, akaanza kumpima mabega, kifua, mkono, huku anasimulia. Alipofika shingoni, binti akasema kwa upole, "Mjomba, hebu kunywa maji kwanza, sauti yako imekauka." Akampa chupa. Fundi akanywa. Binti alikuwa anatazama kola tu, lakini kola ya vidole vitatu ilikuwa imeshonwa vizuri, haikumwonyesha kitu. Lo, fundi ni fundi!

Basi akashusha macho kwenye kifungo. Yeye alikulia chini ya meza ile, kifungo anakijua kama alifabeti. Shati lile lilikuwa la zamani, Fundi amelitia kola mpya juu, lakini ukanda wa kifungo ulikuwa ule ule. Karibu na kifungo palikuwa na vitundu vya sindano, na pembeni yake vitundu vingine, vya zamani zaidi.

Akanyoosha mkono akakishika.

"Ala!" Fundi akarudi nyuma. "Mkataba wetu umesahau?"

"Mkataba ni shingo, Mjomba. Hiki ni kifungo." Hakukiachia. "Na kifungo hiki kimehama mara mbili. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fundi anayehamisha kifungo chake mwenyewe ni mvivu wa kupima. Nani amenenepa hapa? Mikono yako imekonda, suruali umeikaza mkanda. Shingo peke yake ndiyo inayokula?"

Fundi akatafuta neno. Yeye! Akatafuta neno akalikosa. Akatazama mlango, akatazama cherehani, cherehani nayo haikumsaidia.

"Tangu lini?" binti akauliza, na sauti yake haikuwa ya daktari tena.

"Nimeogopa," Fundi akasema. "Nimeogopa, mpwa wangu. Watanikata koo."

"Naomba ruhusa."

Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja. Akafungua kile kifungo kwa mkono wake mwenyewe. Binti akasimama nyuma yake, akaweka vidole vyake taratibu pande zote mbili za koo, akasema, "Meza mate." Kinundu kikapanda, kikashuka. Akapapasa chini ya taya, nyuma ya masikio, mpaka kwenye mfupa wa bega, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Sijui ni nini," akasema. "Vinundu vya tezi hii ya kooni vingi havina ubaya. Lakini kwa vidole tu hatujui, na kwa kola hatutajua kamwe. Kesho twende."

Jioni Fundi akajikaza, akamkalisha mkewe sebuleni amwambie. Alianza mbali sana, akapitia bei ya vitambaa, akapitia hali ya hewa.

"Uvimbe," mkewe akamkata. "Wa kulia. Nimeuona tangu kifungo cha kwanza. Unadhani maji ya moto yanapunguza kola tu na mikono yanaiacha? Mimi ndiye niliyempigia simu mtoto aje apimwe koti."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu na mimi niliogopa," akasema, akaanza kulia. "Nilijiambia, wewe ukikaa kimya, labda haupo." Walikaa pale wawili, kila mmoja alikuwa amemficha mwenziwe jambo wanalolijua wote.

Hospitali mpwa hakumpima yeye mwenyewe. Alisema damu yako huwezi kuitazama sawasawa, akamkabidhi kwa daktari mwenzake, bwana mpole mwenye miwani. Wakamlaza, wakampaka shingoni ute wa baridi.

"Uji gani huu?"

"Ni wa altrasaundi, mzee. Tulia kidogo."

Kwenye kioo cha mashine kikatokea kivuli cheusi kingo zake zimechakaa. Fundi alikitazama akasema, "Huyo aliyekata hapo hakuwa na mkasi mkali." Daktari akatabasamu, kisha akarudia kupima kingo zile, na Fundi aliona kwamba amerudia. Ikaja sindano, nyembamba mno, ya kuchukua chembe zikatazamwe kwa hadubini.

"Hiyo nambari ngapi?" Fundi akauliza.

Daktari akamtajia.

"Hiyo ni ya hariri," Fundi akasema kwa heshima, kisha akafumba macho. Mtu aliyekula na sindano, akalala na sindano, aliukamata mkono wa nesi mpaka nesi naye akahitaji kupimwa.

Siku za kungoja majibu ndizo zilizokuwa mbaya. Alishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Akashona mfuko ukafunga kabisa, hauingii hata sarafu. Kinyozi, ambaye sasa ameambiwa, alikuja kila asubuhi na sabuni yake na wembe, akamnyoa palepale dukani kwa mkono mwepesi, akizunguka kile kinundu bila kukigusa. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akamwambia, kisha akaona uso wa rafiki yake, akajutia ulimi wake. "Namaanisha wewe hujaficha. Umechelewa tu."

Mpwa akaja na majibu mwenyewe. Safari hii mikono ilikuwa mbele.

"Nitalisema neno kwanza, Mjomba, kisha nitalieleza. Ni saratani."

Mguu wa Fundi ulikuwa juu ya pedeli. Ukateleza.

"Ya kuua?"

"Ya kutolewa. Ipo ya haraka na ipo ya polepole, yako ni ya polepole. Tunaitoa tezi, unakunywa vidonge kila siku, unaendelea na maneno yako."

"Na sauti?"

Binti akavuta pumzi. "Mshipa wa sauti unapita nyuma ya tezi hiyo. Huwa tunautafuta, tunauona, tunaulinda. Mara chache unajeruhiwa. Sikufichi."

"Na nikiacha kama ilivyo?"

"Itatembea mpaka mahali ambapo hatuwezi kuifuata. Na njiani itapita kwenye sauti hiyo hiyo."

Fundi akalia. Alilia mbele ya mpwa wake, juu ya kitambaa cha mteja, akajifuta kwa kitambaa hicho hicho. Kisha akauliza kama atakayemshona baadaye anajua kazi.

Aliamka kutoka kwenye upasuaji kooni kunawaka. Mkewe ameinama juu yake, mpwa amesimama miguuni, wote wawili wameshikilia pumzi. Fundi akafungua mdomo. Ikatoka sauti nyembamba, ya mlango usiotiwa mafuta, lakini ilikuwa sauti.

"Gauni hili," akasema, "nani kalishona? Halina kamba nyuma. Watu wanatembea hapa makalio nje."

Mkewe akacheka na kulia kwa mpigo. Daktari Shingo akageukia dirishani, akajifanya anapanga pazia.

Kwa muda Fundi alizungumza kwa kunong'ona, na wateja wakawa wanainamia meza yake kusikiliza, jambo lililofanya kila habari aliyotoa ionekane ni siri ya serikali. Sauti ikarudi polepole, imeshuka kidogo, ina mkwaruzo. Kovu lilikaa kwenye mkunjo wa shingo, uzi mmoja mwembamba. Alilikagua kwenye kioo cha wateja, akalifuata kwa kidole mwanzo mpaka mwisho. "Mshono wa ndani," akamwambia kinyozi. "Uzi wenyewe hauonekani. Mtu huyu ningemwajiri." Na kola yake akairudisha kimo cha zamani, akafunga kifungo cha juu.

Mtindo nao ulikuwa umeanza kupoa. Karani wa posta alishahamia kwenye mashati yasiyo na kola kabisa. Ndipo adhuhuri moja Bwana Magodoro akavuka barabara, na mfuko wake, na shati la kupimia. Kola yake ya vidole vinne ilikuwa imemfika masikioni, naye ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Nataka jingine," akasema. "Safari hii vidole vitano."

Fundi alishanyoosha mkono kulipokea shati. Mkono ukasimama hewani. Alimtazama yule mtu kichwani, akamtazama kwenye kola, akakumbuka siku ile ya kwanza, mtu mzima anakataa futi isimguse. Nguo aliishona yeye mwenyewe, akaisifia yeye mwenyewe, akafurahia vidole.

"Vidole vitano siwezi," akasema.

"Kwa nini? Kitambaa nimeleta."

Fundi aliinuka. Alikwenda akafunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona. Akavuta kiti cha wateja, akamkalisha. Kisha akafungua kifungo chake cha juu, akakunjua shati, akainua kidevu.

Bwana Magodoro akalitazama kovu. Mkono wake mkubwa ukapanda wenyewe, ukaingia ndani ya kola, ukatulia chini ya sikio.

"Tangu lini?" Fundi akamuuliza.

"Tangu kabla hujanishonea la kwanza." Sauti ilikuwa ndogo, haikufanana na mwili. "Nilikuona umevaa nikasema, huyu Mungu amemleta."

Fundi akameza mate. Hakikupanda kitu, hakikushuka kitu.

"Inuka twende. Mpwa wangu yupo kazini leo."

Yule mtu hakuinuka. "Fundi," akasema, "na wewe uliogopa?"

"Mimi?" Fundi akaichukua futi yake shingoni, akaiweka mezani. "Mimi niliogopa mpaka nikavalisha mtaa mzima."

Akamshika mkono, wakatoka.